Je, Wajua? Mashine Zinazopima Kina, na Soko Linalopandisha na Kuangusha

Picha ya kawaida inajua urefu na upana, basi. Haiwezi kukuambia kama gari lililo mbele liko mita tano au mita hamsini. Kazi hiyo ni ya vihisi vya 3D, yaani vifaa vinavyopima kina. Leo vimo ndani ya simu, magari, roboti, zana za madaktari wa meno na hata kituo cha anga za juu. Vimewatajirisha baadhi ya watu na kuwafilisi wengine. Tuanze.

MASHINE INAONAJE KINA?

Je, wajua kwamba elimu hii ilitangulia kutangazwa kwa upigaji picha? Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone aliieleza Royal Society ya London kwamba kila jicho hupokea picha iliyo tofauti kidogo na ya mwenzake, na ubongo hutumia tofauti hiyo kukadiria umbali. Alithibitisha hoja yake kwa vioo na michoro ya mkono. Ugunduzi wa Daguerre wa kupiga picha ulikuja kutangazwa mwaka uliofuata.

Je, wajua kwamba unaweza kulihakikisha jambo hilo hapohapo ulipo? Simamisha kidole mbele ya pua. Fumba jicho la kushoto, kisha la kulia. Kidole kitaruka upande, lakini ukuta ulio mbali hautasogea sana. Kamera mbili zilizopangwa bega kwa bega hufanya hesabu iyo hiyo. Tatizo lao ni ukuta mweupe usio na doa: hakuna alama ya kulinganisha, kwa hiyo hesabu inagoma.

Njia ya pili ni ya vitone. Kifaa hurusha maelfu ya vitone vya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kwa mpangilio ambao chenyewe kinaujua. Vikitua kwenye pua, shavu au kona ya meza, mpangilio hupinda. Kompyuta inasoma namna ulivyopinda, na umbo linapatikana.

Njia ya tatu ni kupima muda ambao nuru hutumia kwenda na kurudi. Nuru husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde, kasi inayotosha kuizunguka dunia mara saba na nusu ndani ya sekunde hiyo moja. Kihisi kinachotaka kutofautisha sentimita moja ya kina lazima kipime muda wa pikosekunde 67 hivi, yaani sehemu 67 za sekunde iliyogawanywa mara trilioni moja. Kifaa kinachofanya hivyo leo kinaingia kwenye simu na bado nafasi inabaki.

Je, wajua kwamba baadhi ya vihisi hivyo hutambua hata fotoni moja, chembe ndogo kabisa ya nuru? Ndiyo maana vinaweza kufanya kazi kwa leza dhaifu isiyodhuru jicho.

KUTOKA MWEZINI HADI MFUKONI

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei 1960. Miaka 11 baadaye, mwaka 1971, chombo cha Apollo 15 kilibeba kipimo cha leza kilichochukua vipimo vya miinuko na mabonde ya Mwezi kikiwa kinauzunguka.

Je, wajua kwamba wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo maalumu Mwezini mwaka 1969, na hadi leo wanasayansi huvipiga leza kutoka duniani? Nuru huenda na kurudi kwa takriban sekunde mbili na nusu. Vipimo hivyo vimeonyesha kwamba Mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Wajua ni nani aliyefungua njia ya leza kuingia kwenye simu? Ni Mjapani Kenichi Iga wa Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo. Mwaka 1977 alibuni leza inayotoa mwanga kupitia uso wa juu wa chipu badala ya ubavuni. Leza hizo, ziitwazo VCSEL, hutengenezwa kwa maelfu kwenye kisahani kimoja na kupimwa ubora kabla hazijakatwa. Bila ubunifu huo, kurusha vitone usoni mwa mwenye simu kungebaki kazi ya maabara.

MCHEZO ULIOFUNGUA SOKO

Je, wajua kwamba kihisi cha kwanza cha 3D kuingia majumbani kwa mamilioni kilikuwa cha michezo? Microsoft ilianza kuuza Kinect tarehe 4 Novemba 2010 kwa dola 150 hivi. Katika siku 60 za kwanza viliuzwa vifaa milioni 8, na Guinness ikakiandika kuwa kifaa cha elektroniki kilichouzwa kwa kasi kuliko vyote hadi wakati huo.

Teknolojia ya ndani haikuwa ya Microsoft. Ilitoka PrimeSense, kampuni ndogo ya Israeli iliyoanzishwa mwaka 2005. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilinunuliwa, na mnunuzi alikuwa Apple. Aliyelifungua soko akabaki na michezo. Mpinzani wake akaondoka na mafundi.

Je, wajua kwamba Kinect ilipata mashabiki ambao haikuwatarajia? Siku ilipoingia madukani, kampuni ya Adafruit ilitangaza zawadi kwa mtu wa kwanza atakayeandika programu huria ya kuitumia kwenye kompyuta ya kawaida. Zawadi ilianzia dola 1,000 na kufika dola 3,000. Haikuchukua hata wiki moja: kijana wa Kihispania, Héctor Martín, akaichukua. Tangu hapo vyuo vikuu vikawa na jicho la 3D kwa bei ya viatu, wakati awali vifaa vya namna hiyo viligharimu maelfu ya dola.

Mwaka 2013 Microsoft ilijaribu kuilazimisha Kinect mpya kwa kila mnunuzi wa mashine yake ya michezo, Xbox One. Bei ikawa dola 499, mia moja zaidi ya mashine ya mshindani wake Sony. Wanunuzi wakanuna, na wengine wakauliza kwa nini kamera iwe macho sebuleni mwao wakati wote. Mwaka uliofuata Xbox ikauzwa bila Kinect. Oktoba 2017 kiwanda kikasimamisha uzalishaji, baada ya takriban vifaa milioni 35 kuuzwa. Wachezaji walikuwa wamechoka kurukaruka, lakini watafiti wa roboti, mazoezi ya viungo na uchoraji wa ramani za majengo waliendelea kuving'ang'ania vile vya zamani. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

USO UKIWA UFUNGUO

Mwezi uleule ambao Kinect iliwekwa kando, Apple ilikuwa ikijiandaa kuuza iPhone X. Simu hiyo iliingia sokoni tarehe 3 Novemba 2017, na juu ya kioo chake ilikuwa na kirusha-vitone kinachomwaga zaidi ya vitone 30,000 visivyoonekana usoni mwa mwenye simu. Ni kanuni ileile ya Kinect ya kwanza, safari hii ikiwa imebanwa kwenye ukanda mwembamba juu ya kioo.

Je, wajua kwamba Apple ilieleza uwezekano wa mtu wa kando kufungua simu yako kwa uso wake kuwa mmoja katika milioni moja, wakati ule wa alama ya kidole ulikuwa mmoja katika 50,000? Kampuni hiyohiyo iliongeza tahadhari: hesabu hiyo haiwahusu mapacha wanaofanana, ndugu wanaofanana, wala watoto wa chini ya miaka 13, ambao nyuso zao hazijakomaa.

Na je, wajua simu moja inaweza kuitikisa sekta nzima? Apple ilisema kwamba katika robo ya mwisho ya 2017 ingenunua visahani vya VCSEL mara kumi zaidi ya vilivyokuwa vikitengenezwa dunia nzima katika kipindi kama hicho. Desemba mwaka huo ikaipa kampuni ya Finisar dola milioni 390 ili ipanue uzalishaji na kufufua kiwanda kilichopo Sherman, Texas.

Lakini anayekulisha peke yake ndiye pia anayeweza kukulaza njaa. Tarehe 12 Novemba 2018 kampuni ya Lumentum, mtengenezaji mkubwa wa leza hizo, ilitangaza kwamba mteja wake mmoja mkubwa, ambaye haikumtaja, amepunguza oda. Hisa zake zilishuka kwa takriban theluthi moja siku hiyohiyo. Hilo limebaki kuwa donda la soko la vihisi vya simu: wauzaji ni wachache, na mnunuzi mkubwa ni mmoja.

Washindani wa Apple nao walijaribu. Huawei iliweka utambuzi wa uso wa 3D kwenye Mate 20 Pro mwaka 2018. Google iliuweka kwenye Pixel 4 mwaka 2019, ikauondoa kwenye Pixel 5. Samsung iliweka kihisi cha muda wa nuru kwenye Galaxy S10 5G mwaka 2019. Ilipofika S21 mwaka 2021 hakikuwepo. Wateja hawakuona cha kukifanyia.

Je, wajua kwamba barakoa ziliitia aibu Face ID, yaani utambuzi wa uso wa Apple? Mwaka 2020, watu walipofunika pua na midomo kwa sababu ya korona, wenye simu za bei ghali walirudi kubonyeza namba za siri madukani. Suluhisho la kutambua uso ulio nyuma ya barakoa lilikuja Machi 2022, na lilianzia kwenye simu za iPhone 12 kwenda juu.

Angalizo muhimu: si kila simu inayofunguka kwa uso inapima kina. Simu nyingi hutumia kamera ya kawaida ya mbele. Mapema mwaka 2019 shirika la watumiaji la Uholanzi, Consumentenbond, lilitoa matokeo ya majaribio ya simu 110. Simu 42 kati ya hizo zilifunguka kwa kuonyeshwa picha tu ya mwenye simu.

JICHO LA GARI

Lida ni kifaa kinachorusha leza pande nyingi na kupima muda wa kurudi kwake ili kuchora mazingira yote kwa nukta. Je, wajua kwamba lida maarufu ya magari ilizaliwa kwenye kampuni ya spika? David Hall alianzisha Velodyne mwaka 1983 kutengeneza spika za mdundo mzito. Baadaye akavutiwa na mashindano ya magari yasiyo na dereva yaliyoandaliwa na DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani.

Mashindano ya kwanza, Machi 2004, yalikuwa kichekesho. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 230 hivi katika jangwa la Mojave. Gari lililofika mbali kuliko yote lilikwama kabla ya kutimiza kilomita 12. Hakuna aliyemaliza, na zawadi ikabaki kwa mwenyewe.

Miaka mitatu baadaye mambo yaligeuka. Katika mashindano ya mwaka 2007, yaliyofanyika kwenye mitaa ya mfano, magari sita yalifika mwisho. Matano kati yake yalibeba lida ya Velodyne yenye leza 64, ikizunguka juu ya paa na kukusanya zaidi ya nukta milioni moja kwa sekunde. Bei yake ilikuwa dola 75,000 hivi, zaidi ya bei ya magari mengi iliyokalia.

Je, wajua bei hiyo imeporomoka hadi wapi? Mwishoni mwa 2024 kampuni ya Hesai ya Shanghai ilitangaza lida ya kizazi kipya iitwayo ATX kwa bei ya chini ya dola 200. Si kifaa kilekile, kwa kuwa ile ya zamani ilitazama pande zote na hii hutazama mbele, lakini mwelekeo wa soko uko wazi. Mwaka huo Hesai ilipeleka sokoni zaidi ya lida laki tano.

Siri za lida ziliwahi kufikishwa mahakamani. Mwaka 2017 Waymo, kampuni ndugu ya Google, iliishtaki Uber ikidai kwamba mhandisi wake wa zamani, Anthony Levandowski, aliondoka na mafaili 14,000. Februari 2018 Uber ilikubali kutoa hisa zilizokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 245. Levandowski alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2020, kisha akasamehewa na Rais Donald Trump Januari 2021.

WALIOPANDA, WALIOANGUKA

Kati ya 2020 na 2022 kampuni nyingi za lida za Marekani zilikimbilia soko la hisa zikiwa na mauzo kidogo na ahadi nyingi. Walioziamini waliamini kwamba magari yasiyo na dereva yangejaa barabarani baada ya muda mfupi. Hayakujaa.

Quanergy iliingia soko la hisa la New York Februari 2022. Desemba mwaka huohuo ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Ibeo ya Ujerumani, mmoja wa wakongwe wa fani, ilitangaza kushindwa kulipa madeni Septemba 2022. Velodyne, mama wa lida za magari, ilimezwa na Ouster Februari 2023.

Je, wajua kisa cha Luminar, kampuni nyingine ya lida? Mwanzilishi wake, Austin Russell, alianza kampuni mwaka 2012 akiwa kijana wa miaka 17. Kampuni ilipoingia soko la hisa Desemba 2020, yeye akiwa na miaka 25, alihesabiwa miongoni mwa mabilionea vijana kabisa duniani. Mwaka 2025 alijiuzulu ukurugenzi mtendaji, mteja mkubwa Volvo akakatisha mkataba, na Desemba kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama. Miaka mitano ilitosha kwa safari ya kwenda juu na kurudi.

Tesla ilichagua njia tofauti kabisa. Mwaka 2021 ilianza kuondoa hata rada kwenye magari yake mapya ya Marekani na kutegemea kamera peke yake, kwa hoja kwamba dereva binadamu naye anaendesha kwa macho. Watengenezaji wengi wa China wakaenda upande wa pili na kuifanya lida kuwa kivutio cha mauzo. Mzozo huo bado unaendelea, na majibu yatatoka barabarani.

Intel nayo iliwahi kusema basi. Mwaka 2021 ilitangaza kuipunguza kazi ya kamera zake za kina ziitwazo RealSense. Lakini roboti za maghala zilikuwa tayari zimezizoea. Julai 2025 RealSense ilijitenga na kuwa kampuni inayojitegemea, ikiwa na mtaji mpya wa dola milioni 50.

Google ilitangaza mradi wa Tango mwaka 2014: simu inayoitambua nyumba unamopita kwa vipimo vitatu. Simu ya kwanza ya kuuzwa kwa umma, ya Lenovo, ilitoka mwaka 2016. Machi 2018 mradi ukafungwa.

WALIOFANIKIWA KIMYAKIMYA

Je, wajua kwamba vihisi vya kina vilivyouzwa kwa wingi mkubwa ni vile ambavyo mnunuzi hajui kama anavyo? Mwaka 2014 simu ya LG G3 ilitumia kihisi cha leza kusaidia kamera kulenga haraka. Vihisi vidogo vya aina hiyo vikaenea. Kampuni ya STMicroelectronics ilitangaza mwaka 2019 kwamba imefikisha vihisi bilioni moja. Hakuna aliyepanga foleni usiku kuvinunua. Kazi yake ni kulenga picha, kuzima kioo simu inapofika sikioni, na kufungulia maji ya bomba bila kuguswa.

Madaktari wa meno walikuwa wametangulia. Mwaka 1985 mjini Zurich, Profesa Werner Mörmann alimtibu mgonjwa kwa mfumo wa CEREC, ambao yeye na mhandisi Marco Brandestini waliubuni: kamera hupima tundu la jino, mashine huchonga kizibo, na mgonjwa huondoka nacho siku hiyohiyo.

Mashine za kufagia sakafu nazo zimo. Neato ilitoa mwaka 2010 kifagio-roboti chenye lida ndogo inayozunguka, kikachora ramani ya chumba badala ya kugongagonga kuta kwa kubahatisha. Mashambani, roboti za kukamua ng'ombe hutumia kamera za kina kutafuta chuchu.

Mwaka 2020 Apple iliweka lida kwenye iPad Pro na iPhone 12 Pro. Inapima hadi mita tano. Fundi wa samani anaweza kupima chumba kwa dakika chache, na asiyeona anaweza kuambiwa mtu aliye mbele yake yuko umbali gani.

JUA, KIOO NA JICHO

Je, wajua adui mkubwa wa vihisi hivi? Jua. Mwanga wake umejaa infraredi, na kihisi dhaifu hupoteza vitone vyake humo. Kinect ya kwanza ilikuwa hodari sebuleni na karibu haina maana uwanjani mchana.

Wahandisi walitafuta mwanya. Vihisi vingi vya simu hutumia mawimbi ya nanomita 940, kwa sababu mvuke wa maji ulio angani hufyonza sehemu ya mwanga wa jua wa kiwango hicho kabla haujafika chini. Kelele inapungua, kihisi kinasikia sauti yake.

Kioo ni tatizo la pili: leza hupenya na kupima kilichopo nyuma. Vioo vya kujitazamia huirudisha kwingine, na mashine huona chumba kisichokuwepo. Kitu cheusi tititi humeza nuru isirudi. Ukungu na mvua kubwa huirudisha mapema mno.

Na usalama wa macho? Leza za nanomita 905 hufika kwenye retina, hivyo nguvu yake lazima idhibitiwe. Za nanomita 1550 hufyonzwa na sehemu ya mbele ya jicho kabla ya kufika huko, kwa hiyo zinaweza kuwa na nguvu zaidi na kuona mbali. Lakini silikoni ya kawaida haiwezi kuzitambua. Inahitajika malighafi ya bei ghali. Usalama unapatikana, gharama inapanda.

MADINI NA MABAVU

Leza za VCSEL hutengenezwa kwa galiamu, na China huzalisha takriban asilimia 98 ya galiamu ghafi duniani. Tarehe 1 Agosti 2023 ilianza kudai leseni kwa kila anayetaka kuisafirisha nje, pamoja na jemaniamu, madini yanayotumika kwenye lenzi za infraredi. Desemba 2024 ikapiga marufuku kuyauza Marekani. Marufuku hiyo ilisitishwa kwa muda Novemba 2025.

Marekani nayo iliiweka Hesai kwenye orodha ya kampuni zinazodaiwa kuhusiana na jeshi la China, Januari 2024. Hesai ilipinga mahakamani, na Julai 2025 jaji akaiunga mkono serikali.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Je, wajua kwamba Lubumbashi imeingia kwenye mchezo huu? Mjini humo kuna mlima wa masalia ya uyeyushaji wa shaba wa miongo mingi. Kampuni ya STL, tanzu ya Gécamines, shirika la madini la serikali ya Kongo (DRC), huchakata masalia hayo na kupata jemaniamu. Oktoba 2024 ilisafirisha shehena ya kwanza kwenda kwa Umicore ya Ubelgiji. Kilichotupwa kama taka enzi za ukoloni sasa kinatafutwa na viwanda vya Ulaya.

HUKU KWETU

Je, wajua kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yamepimwa kwa leza? Kazi hiyo ilifanywa na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2020 Kilwa iliingizwa pia kwenye maonyesho ya mtandaoni ya CyArk na Google kuhusu maeneo ya urithi yanayotishiwa na mabadiliko ya tabianchi.

Umuhimu wa vipimo vya namna hii ulionekana Paris. Mwanahistoria Andrew Tallon alikuwa amelipima kanisa la Notre-Dame kwa leza, akipata zaidi ya nukta bilioni moja. Alifariki mwaka 2018. Tarehe 15 Aprili 2019 paa likaungua, na vipimo vyake vikawa miongoni mwa kumbukumbu za thamani kubwa kwa wajenzi. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024.

Nyayo zaidi za mababu wa binadamu zilizogunduliwa Laetoli, Tanzania, na kutangazwa mwaka 2016 na timu iliyoongozwa na Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilirekodiwa kwa picha za 3D. Nyayo hizo zina umri wa miaka milioni 3.66. Mtafiti anaweza kupima kina cha kisigino bila kuukanyaga udongo.

Na mti mrefu kuliko yote ya asili iliyopata kupimwa Afrika? Uko kwenye bonde la Kilimanjaro: mita 81.5. Mtafiti Andreas Hemp na wenzake waliupima kwa vifaa vya leza na kuutangaza mwaka 2016. Hakuna aliyelazimika kupanda na kamba.

Desemba 2018 kihisi cha leza cha NASA kiitwacho GEDI kiliwekwa kwenye kituo cha anga za juu kupima urefu wa misitu. Njia ya kituo hicho inapita juu ya Afrika Mashariki yote.

Sheria nazo zimeamka. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za kibayometriki kwenye kundi la taarifa nyeti. Tanzania ilianza kutumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tarehe 1 Mei 2023. Agosti mwaka huo Kenya ilisimamisha Worldcoin, waliokuwa wakipiga picha za mboni kwa malipo ya sarafu za kidijitali. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe.

HUKUMU NA USHAURI

Ukizipanga hadithi hizi zote pamoja, sura ya soko inaonekana. Kihisi cha 3D kilichouzwa kwa ajili ya kushangaza watu kilidumu misimu michache. Kilichoingia ndani ya kazi iliyokuwepo tayari, kama kulenga picha, kuziba jino, kufagia au kukamua, kinaendelea kuuzwa bila kelele. Bei itazidi kushuka. Hilo si tatizo tena. Maswali yaliyobaki ni nani anamiliki madini, mteja mkubwa ni nani, na taarifa za uso wako zinahifadhiwa wapi.

Nawe msomaji, kabla hujaruhusu uso wako ufungue programu ya benki au pesa za simu, fanya jaribio moja: mwombe mtu aishike simu yako mbele ya picha yako iliyo kwenye kioo cha simu nyingine. Ikifunguka, haina jicho la kina. Zima utambuzi wa uso leo, urudi kwenye namba ya siri.